Kundi la heroe kwa Kiingereza: andika "flock", kisha hesabu

Vipeperushi vya Kiingereza vinavyoandikwa kati ya Bagamoyo na Tanga vina ugonjwa mmoja. Sentensi inaanza vizuri, ndege wanatajwa kwa majina yao, mara heroe wanageuka "a flamboyance of flamingos", kunguru wanakuwa "a murder of crows", na bundi, maskini, wanakalishwa bungeni: "a parliament of owls". Mwandishi ameingia intaneti kutafuta neno la kundi, amekuta orodha ndefu, ameibeba kama ilivyo. Hakuna aliyemwambia kwamba Mwingereza anayewajua ndege, darubini ikiwa shingoni, hatamki hata moja kati ya hayo matatu ila kwa mzaha.

Namwandikia anayeandika Kiingereza kuhusu ndege wa pwani yetu: mwongoza wageni wa hifadhi ya Saadani, mwanafunzi mwenye ripoti ya mafunzo kwa vitendo kutoka msitu wa Amani, mwenye nyumba ya wageni Pangani anayetaka kibao cha maelezo, mfasiri aliyepewa kazi jioni na kutakiwa airudishe asubuhi. Neno la kundi katika Kiingereza cha ndege ni taarifa. Linamweleza msomaji ndege walikuwa wanafanya nini pale walipoonekana. Ukilichagua kwa utamu wake, unaweza kusema uongo bila kukusudia, na msomaji wa kwanza kuugundua ni yule mgeni aliyekata tiketi ya ndege kwa ajili ya hao hao ndege.

Orodha yenyewe ilitoka wapi

Mwaka 1486, katika mji wa St Albans, kaskazini mwa London, kilichapishwa kitabu cha mambo ya waungwana: kuwinda kwa mwewe, kuwinda kwa mbwa, na nembo za koo. Kinajulikana hadi leo kama Book of Saint Albans. Ndani yake mna orodha ya majina ya makundi ya wanyama, ndege na watu, zaidi ya 160. Muungwana wa enzi hizo alitakiwa ajue neno la kila windo ili asiumbuke mbele ya wenzake. Ila mzaha ulikuwamo tangu siku ya kwanza. Orodha hiyo hiyo inayofundisha kundi la kware inawataja pia watawa wa kike kuwa "a superfluity of nuns", yaani watawa waliozidi kiasi. Mtu aliyeandika hivyo alikuwa anacheka huku anaandika.

Humo ndimo yalimotoka "a murder of crows", "an unkindness of ravens", "an exaltation of larks", "a murmuration of starlings", "a siege of herons", "a covey of partridges" na "a gaggle of geese". Angalia yalivyofika huku. "Covey" na "gaggle" yaliendelea kuishi midomoni mwa wawindaji na wafugaji. "Siege" na "unkindness" yalibaki kwenye karatasi. "Murmuration" lilisinzia karne nyingi, na siku hizi limeamka kwa sababu ya video: linatumika kwa ile ngoma ya maelfu ya kwezi wa Ulaya wanaojikunja na kujikunjua angani kabla ya kwenda kulala. Maana yake leo ni mwendo wa angani, kwa hiyo kwezi sita waliotua kwenye nyaya za umeme hapo Chumbageni, Tanga, hawahusiki.

Bundi hawamo katika orodha ya 1486. Bunge lao ni la karne ya 20, na lilipata nguvu kutokana na jina la sura moja katika riwaya ya watoto ya C. S. Lewis ya mwaka 1953, ambalo nalo lilicheza na shairi la Chaucer la karne ya 14 kuhusu mkutano wa ndege wa kila aina. Heroe hawamo pia, na isingewezekana wawemo: neno lenyewe "flamingo" liliingia Kiingereza karne ya 16. "Flamboyance" ni pambo la juzi. Kisha mwaka 1968 Mmarekani James Lipton akachapisha An Exaltation of Larks, akikusanya maneno ya zamani na kutunga mapya, na tangu hapo kubuni majina ya makundi kukawa mchezo wa kila mtu. Ndiyo maana orodha za mtandaoni zinakupa "a confusion of guineafowl" kwa kanga na "a squadron of pelicans" kwa mwari, zikiyapanga mstari mmoja na "flock" kana kwamba yana uzito sawa. Hakuna safu inayokuambia lipi linasemwa na watu na lipi ni swali la chemshabongo baani.

Ukitaka kuhakiki neno, fungua toleo lolote la Scopus, jarida la ndege wa Afrika Mashariki, usome ukurasa wowote wenye kumbukumbu za kuonekana kwa ndege. Utakutana na "flock", "group", "pair", "party", "colony", "roost". Kwa maneno hayo sita mtu anaweza kuandika maisha yake yote.

Maneno yanayofanya kazi

"Flock" ni neno la kila siku: ndege wanaoruka, wanaokula au waliopumzika pamoja, wa aina moja au mchanganyiko. Lina sharti moja tu, wawe wengi kiasi. "A flock of three marabous", yaani korongo wakubwa watatu, inachekesha. Ndege watatu ni "three marabous", basi. Kwa ndege wakubwa watano, sita, wanane, "group" linatosha. Halina rangi lakini halimponzi mtu. "Party" ni la zamani kidogo na bado lipo katika vitabu vya Waingereza kwa kikundi kidogo kinachohama mti hadi mti, kama hondohondo. Kwenye kibao cha hoteli liache, mgeni wa Marekani atatafuta muziki uko wapi.

"Pair" ni mtego. Ndege wawili si lazima wawe "a pair". Neno hilo linadai kwamba ni dume na jike walioshikana. Tai wawili kwenye mti mmoja mdomoni mwa mto Wami wanaweza kuwa mzazi na kinda wa mwaka jana. Kama hujui, andika "two".

Sasa "colony", ambalo ndilo linaloharibu vipeperushi vingi kuliko hata "flamboyance". Watu hulitumia kwa maana ya kundi kubwa sana. Kwa msomaji wa ndege, "colony" ni mahali ambapo ndege wengi wamejenga viota na wanazaa. Ukiandika "a colony of flamingos in the salt pans at Saadani", umetangaza kwamba heroe wanataga mayai Saadani. Hiyo ingekuwa habari ya kushtua. Heroe wadogo wa Afrika Mashariki huzalia hasa Ziwa Natron, kwenye magadi, mbali na njia za wanyama wala nyama, na huku pwani wanakuja kula. Mgeni atakuandikia barua pepe kuomba tarehe na picha ya kiota, na wewe utakuwa huna cha kumjibu. Vivyo hivyo kwa Crab-plover, yule mweupe na mweusi mwenye mdomo mnene anayekula kaa kwenye matope ya Tanga. Naye huzaa kwa makoloni, akichimba mashimo mchangani, lakini huko kaskazini, pande za Ghuba na Bahari ya Shamu. Hapa kwetu ni mgeni wa msimu, kwa hiyo "flock" na "roost" tu.

"Colony" lina kazi yake halali pwani. Mnana waliojaza mnazi kwa viota ni "a weaver colony". Keremkerem waliotoboa ukingo wa mto ni "a colony of bee-eaters". Yangeyange na jamaa zao wakijenga pamoja kwenye mikoko, Kiingereza kina neno maalumu na zuri, "heronry", ingawa "a breeding colony of egrets" inaeleweka na watu wengi zaidi.

"Roost" linahitaji subira kidogo kwa sababu linabeba mahali, wakati na tendo kwa pamoja: ndege wamekusanyika kupumzika au kulala. Wengi hudhani ni la usiku tu. Pwani ni kinyume: roost muhimu kuliko zote ni ya mchana, nayo inaendeshwa na maji. Maji yakipwa, vitwitwi, sululu na Crab-plover hutawanyika kwenye matope na mchanga, kila mmoja na kipande chake, huwezi kuwaona wote hata ukipanda juu ya paa. Maji yakijaa wanafukuzwa hatua kwa hatua mpaka wanabanana kwenye fungu la mchanga lililobaki, pembezoni mwa mikoko, au juu ya kingo za mashamba ya chumvi. Hiyo inaitwa "a high-tide roost". Siku za bamvua maji yanafunika karibu kila kitu na ndege wanabanana kweli kweli. Siku za maji mafu baadhi ya mafungu hayafunikwi, ndege hawaoni sababu ya kuhama, na wewe unarudi na namba ndogo. Ndiyo maana wanaohesabu ndege wa pwani hupanga siku zao kwa kalenda ya maji.

Kwa hiyo, tukichukua Curlew Sandpiper, mmoja wa hao vitwitwi, "a feeding flock of Curlew Sandpipers" na "a high-tide roost of Curlew Sandpipers" ni taarifa mbili tofauti. Ya kwanza inasema hapa pana chakula. Ya pili inasema hapa pana usalama, na kwamba ukipajenga hoteli, ndege waliotapakaa kwenye matope ya kilomita kadhaa watakosa pa kusimama. Mwanafunzi anayeandikia ripoti ya tathmini ya mazingira akichanganya hayo mawili, ameharibu hoja yake yote kwa neno moja.

Usiku nako kuna roost: kunguru kwenye miarobaini ya mjini, yangeyange kwenye mikoko, mbayuwayu wakati mwingine kwenye nyaya. Hapa tunaponzwa na lugha yetu, maana tunasema ndege wamerudi kiotani hata kama wamekwenda kulala tu. Matokeo yake ni "the crows return to their nests every evening", na Mwingereza anapiga picha ya mti wenye viota mia tano. Andika "return to their roost". Na tafadhali usiongeze herufi mbili mwishoni: "rooster" ni jogoo.

Kwa kwelea kwelea, tofauti ya "flock", "roost" na "colony" ni suala la kazi hasa. Kundi linaloruka toka shamba hadi shamba haliwezi kunyunyiziwa dawa kwa maana yoyote. Kinachotafutwa na watu wa kilimo ni mahali pa kulala au mahali pa kuzalia, na dawa hupulizwa jioni ndege wakisharudi. Ripoti ya Kiingereza ya afisa ugani inayosema "a huge flock in the reeds" haimsaidii rubani. Inayosema "a roost in about four hectares of reeds" inamsaidia. "Swarm" utaliona magazetini kwa kwelea kwelea. Ni la nzige na nyuki, linapandisha hofu, na kwenye ripoti halina kazi.

Msitu wa Amani una tabia nyingine. Unatembea nusu saa bila kuona manyoya, halafu ghafla miti yote inajaa: mramba, chozi, wadudu wanafukuzwa huku na huku, aina nane au kumi kwa mpigo, kisha kimya. Hilo ni "a mixed-species flock". Waongoza wageni wa zamani wa Afrika Mashariki wanasema "bird party", na ni neno lenye heshima yake msituni. Usiandike "a flock of sunbirds" kwa sababu tu uliona chozi watatu ndani yake. Wale wamejiunga na msafara wa wengine. Sentensi inayofaa ni "sunbirds often join mixed-species flocks".

Mengine kwa haraka. "Raft" ni bata au mwari waliotulia juu ya maji wakielea pamoja. "Kettle" ni ndege wa mawindo au korongo wanaozunguka wakipanda na hewa moto. Wamarekani wanalipenda zaidi. "Covey" ni familia ya kware inayokurupuka pamoja miguuni mwako. "Skein" ni bata bukini wanaoruka kwa mstari au umbo la V, na kwa pwani ya Tanga halitakupatia ajira. "Clutch" ni mayai ya kiota kimoja, "brood" ni makinda walioanguliwa pamoja. Kanga mwenye vifaranga kumi anafuatwa na "a brood of ten", na akikalia mayai anakalia "a clutch". Watu hubadilisha hayo mawili kila siku.

Sarufi, ambako alama zinapotea

Kosa la kwanza ni la umoja na wingi baada ya "of". Kwetu ndege mmoja ni ndege na ndege mia ni ndege, kunguru vilevile, heroe vilevile, mkono unazoea. Kiingereza kinadai wingi na hakitaki "the" hapo katikati: "a flock of crows". "A flock of crow" ni kosa, na "a flock of the crows" ina maana nyingine, baadhi ya wale kunguru tuliokwisha kuwataja.

Kisha vinakuja vighairi, na bahati mbaya baadhi yake ni ndege wetu. "Guineafowl" (kanga), "spurfowl" (jamii ya kware) na "waterfowl" (bata na jamaa zao) havichukui s: "a flock of guineafowl", "thirty guineafowl". "Snipe" na "teal" kwa kawaida hubaki vilevile. "Quelea" utaona yote mawili, "quelea" na "queleas". Chagua moja ukae nayo. "Flamingos" na "flamingoes" yote ni sahihi, ila yasikutane katika kipeperushi kimoja.

Kosa la pili ni kitenzi. "A flock of flamingos was feeding" au "were feeding"? Mtu aliyelelewa na upatanisho wa Kiswahili anataka jibu moja, kama tunavyojua kwamba kundi la vijana limefika, hata kama mtaani tunasikia "kundi la vijana wamefika" na mwalimu anakunja uso. Kwa Kiingereza yote mawili yana kwao. Marekani wanapendelea umoja. Uingereza hutazama maana: kundi likitenda kama kitu kimoja, umoja, ndege wakitenda mmoja mmoja, wingi. "A flock of waders was flushed by a boat", kwa sababu waliruka kwa mkupuo. "A flock of waders were preening and sleeping", kwa sababu huyu anasafisha manyoya na yule amelala. Programu ya kukagua sarufi iliyowekwa kwa Kiingereza cha Marekani inaweza kulipigia mstari la pili. Si amri.

Kisicho na mjadala ni kubadilisha farasi katikati ya mto. Ukianza na "the flock was", endelea na "its": "the flock was feeding on its own". Ukiandika "the flock was feeding when they saw the boat", umewagawa ndege wako. Dawa rahisi ninayopendekeza kwa asiye na muda: ondoa neno la kundi kwenye kiti cha mtenda. Badala ya "A flock of flamingos was/were feeding", andika "Flamingos were feeding in a large flock". Tatizo limekwisha, na sentensi imekuwa nyepesi.

Halafu kuna hii pacha: "a number of waders were present" na "the number of waders was low". Ya kwanza ni wingi daima, maana yake ni "kadhaa". Ya pili ni umoja daima, inazungumzia idadi. Nikiangalia ripoti za wanafunzi, hapa ndipo kalamu nyekundu inapochakaa.

Neno jingine la kuangaliwa ni "waders". Kwa Mwingereza ni vitwitwi na jamaa zao wa matopeni. Mmarekani anawaita hao "shorebirds", na akisikia "wading birds" anawafikiria yangeyange na korongo. Kibao kinachosomwa na wote wawili kiandike "shorebirds (waders)" mara ya kwanza, kisha kiendelee na moja. Na vitwitwi wasiitwe "sea birds". "Seabirds", neno moja, ni akina shakwe na wenzao wanaoishi kwa kuvua baharini.

Herufi kubwa: vitabu na majarida ya ndege huandika jina la aina kwa herufi kubwa, "House Crow", "Lesser Flamingo", magazeti huandika ndogo. Zote zinakubalika. Jina la jumla halipandishwi: "crows", "flamingos".

Kipande kimoja kikifanyiwa kazi

Chukua aya hii, niliyoitunga kwa makosa ambayo mhariri wa maandishi ya utalii huyaona yote:

"At Saadani you will see a flamboyance of flamingo which is living in the salt pans as a big colony. Also there is a murder of crows and up to thousands of sea birds are enjoying in the mangrove, and at night a parliament of owls are hooting."

Anza na ukweli kabla ya mapambo. "You will see" ni ahadi. Heroe wanafuata maji na chakula, na mgeni asipowaona atadai fedha yake. "Living" na "colony" vyote vinadai makazi ya kuzaa. "Up to" maana yake ni kiwango cha juu kilichowahi kufikiwa, kwa hiyo inataka namba baada yake. "Up to thousands" haina maana. "Enjoying" kwa Kiingereza inahitaji kitu cha kufurahiwa, na vitwitwi juu ya tuta la chumvi hawafurahii chochote, wanasubiri maji yapwe. Bundi wanaosikika usiku pale ni wawili, dume na jike wanaoitikiana, si kikao. Kunguru, kama ni wale wa shingo ya kijivu walioletwa Zanzibar miaka ya 1890 na kuenea pwani nzima, hawastahili hata sentensi ya kuvutia watalii, lakini tuwaache wapate moja:

"Lesser Flamingos often feed in the salt pans, sometimes in flocks of several hundred. They do not nest here and may be absent for weeks. From September to April, migrant shorebirds rest on the banks of the pans at high tide. House Crows gather around the fishing village. At night, listen for a pair of African Wood Owls calling to each other."

Ndani ya aya hiyo neno la kundi limetumika mara moja, "flocks", na "pair" mara moja, nalo kwa haki. Kwingineko wingi wa jina umetosha. Hili ndilo ambalo orodha za mtandaoni haziwezi kukufundisha: Kiingereza kizuri cha ndege kinakwepa neno la kundi mara nyingi zaidi kuliko kinavyolitumia. "In pairs", "singly", "in ones and twos", "in small numbers", "in their hundreds". Vifungu hivi vifupi vinafanya kazi kubwa na havimchekeshi mtu.

Namba inashinda jina

"A large flock" ni kubwa kwa nani? Kwa hondohondo, ndege arobaini ni wengi mno. Kwa kwelea kwelea, arobaini ni wale waliochelewa. Toa namba.

Kuhesabu kundi lililotulia: hesabu kumi, mmoja mmoja, ukitazama nafasi waliyoichukua. Ongeza hadi hamsini kwa kupanga nafasi hiyo mara tano. Kisha pitisha kipande cha hamsini juu ya kundi zima, kutoka upande mmoja hadi mwingine. Rudia ukianzia upande wa pili. Majibu yakipishana sana, tatizo mara nyingi ni katikati, ambako ndege hubanana kuliko pembeni, na kipande chako cha pembeni kinadanganya. Mkiwa wawili, kila mtu ahesabu kimya kabla ya kutajiana, kwa sababu atakayesema kwanza humvuta mwenzake. Kundi linaloruka ni gumu zaidi. Piga picha, uhesabu ukiwa umekaa.

Kisha chagua neno la kutangulia namba kwa uangalifu. "About 400" ni makadirio. "At least 400" ina maana umeona mia nne na wengine walifichwa na mikoko. "Over 400" ina maana wamezidi na una uhakika. "Hundreds" inaanzia mia mbili. "397" iandike tu kama umewahesabu kweli, vinginevyo usahihi huo ni wa kuigiza. Ukiingiza taarifa kwenye eBird, hifadhidata ya mtandaoni ya kumbukumbu za ndege, utakuta mfumo hautaki jina la kundi hata kidogo: unataka namba, au herufi X kwa maana kwamba ndege alikuwepo bila kuhesabiwa.

Mapambo nayo yana mahali pake. Chemshabongo ya watoto, fulana, kichwa cha habari chepesi, mazungumzo ya jioni na wageni ufukweni. Hapo "a parliament of owls" inafurahisha, hasa ukieleza papo hapo kwamba ni mzaha wa Waingereza. Moja kwa andiko zima linatosha. Lakini "murder" kwa kunguru nisingelitumia kamwe katika barua kwa halmashauri kuhusu kuwadhibiti kwa mitego na sumu. Msomaji atacheka mahali ambapo ulitaka asaini.

Na maelezo ya picha, ambayo watu huyaandika mwisho wakiwa wamechoka, yana mpangilio wake: wangapi, nani, wanafanya nini, wapi, mwezi gani. "About 120 Crab-plovers at a high-tide roost, Tanga, January." Kama umeikata picha na wamebaki sita, usiandike "a large flock", kwa sababu msomaji atahesabu. Andika "Part of a flock of about 120".